Kushuka mto Lahn kwa mtumbwi: hesabu loki kabla ya kilomita

Watu wengi wa Nairobi wanaokwenda Ujerumani kumtembelea ndugu anayesoma au kufanya kazi huko wanaujua mto mmoja tu, Rhine. Wakiwaza mashua, wanawaza meli ya watalii. Meli hiyo ni nzuri na nitaifikia mwishoni. Lakini kama una mikono miwili yenye afya na siku tatu za kiangazi, mto wa kushuka ni Lahn. Chanzo chake kiko kwenye milima ya Rothaargebirge, unapita Marburg, Gießen, Wetzlar, Weilburg, Limburg na Bad Ems, na baada ya kilomita 245 hivi unaingia Rhine pale Lahnstein, jirani na Koblenz. Kutoka Frankfurt, treni ya mkoa inakufikisha Wetzlar au Limburg kwa muda wa saa moja hivi. Chombo cha kafi hakihitaji leseni. Kiboko hakuna, mamba hakuna.

Aliyejifunza kafi Sagana, kwenye maji yanayochemka ya mto Tana, atafika Lahn na matarajio yasiyofaa. Sehemu ya kati na ya chini ya mto huu imekatwakatwa na vizingiti, yaani kuta fupi za mawe au saruji zilizokingama mto ukingo hadi ukingo. Kati ya kizingiti na kingine maji yametulia, hayakubebi. Mkondo unausikia kidogo tu ukishatoka chini ya kizingiti, kisha unapotea tena. Kwa hiyo kasi yako ni ya mikono: kilomita 4 hadi 5 kwa saa kwa watu wasio na mazoezi makubwa. Na kila kizingiti kinapitwa kwa loki, yaani chumba chenye milango ambamo maji hushushwa au kupandishwa pamoja na chombo, na kazi hiyo huchukua kama dakika 20 mkiwa peke yenu. Jumamosi ya Julai foleni ya loki moja inaweza kumeza saa nzima. Mtu akikuambia "leo ni kilomita 24 tu," muulize loki ni ngapi. Siku ya foleni kama hiyo, kilomita 15 zenye loki nne ni siku ndefu kuliko 20 zenye loki moja.

Mpango ninaoupendekeza kwa mara ya kwanza ni huu. Siku ya kwanza anzia Solms, kidogo chini ya Wetzlar, ushuke hadi Weilburg, ulale kambi ya Odersbach iliyo mbele kidogo ya mji. Njiani kuna loki ya Löhnberg, halafu ile ya Weilburg yenyewe, ambayo ni habari ya peke yake. Siku ya pili Odersbach hadi Runkel, kama kilomita 20, ukipita loki za Kirschhofen, Fürfurt na Villmar. Siku ya tatu ni fupi, Runkel hadi Limburg, kilomita 11 hivi, ili upate muda wa kupanda hadi lile kanisa kuu lenye minara saba lililosimama juu ya mwamba. Mwenye siku moja tu achukue ile ya pili. Ndiyo nzuri kuliko zote: bonde jembamba, misitu, daraja la marumaru la Villmar, kisha daraja la kale la mawe la Runkel na ngome juu yake.

Kinachoufanya mpango huu uwezekane ni reli. Inafuata mto karibu hatua kwa hatua kutoka Koblenz hadi Gießen, na Solms, Weilburg, Fürfurt, Villmar, Runkel na Limburg zote zina stesheni. Mtoto akichoka au mvua ikikataa kuisha, mnakatisha safari kwenye kijiji kinachofuata na kumpigia simu mwenye mitumbwi. Ndugu yako anayeishi huko huenda tayari ana Deutschlandticket, tiketi ya mwezi inayofanya kazi kwenye treni zote za mkoa nchi nzima. Ilianza Mei 2023 kwa yuro 49, ikawa 58 Januari 2025, na 63 Januari 2026.

Kukodi ni rahisi, ila weka nafasi mapema. Mtumbwi wa kawaida hapa ni kanu ya wazi ya watu watatu au wanne. Uliza mambo haya kabla ya kulipa: je, bei ina usafiri wa kuirudisha kanu? Mapipa ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza ni mangapi kwa kila chombo? Kuna jaketi la kuokoa maisha la saizi ya mtoto? Kuna kamba mbele na nyuma? Hilo la kamba wengi hawaliulizi, na bila kamba mbili huwezi kupita loki salama. Epuka Alhamisi ya Kupaa kwa Bwana, siku ya 39 baada ya Pasaka, na wikendi inayofuata. Ujerumani ni sikukuu, na makundi ya wanaume hujaa kwenye Lahn na makreti ya bia. Sheria inasema anayeongoza chombo asizidi 0.5 kwa elfu ya pombe katika damu, na sheria hiyo inamhusu mwenye kafi pia.

Mizigo mizito ilale chini katikati. Anayejua kuongoza akae nyuma, kwenye tezi, mwenye nguvu akae mbele, kwenye omo, na tezi izame kidogo zaidi kuliko omo. Ikiwa kinyume chake, chombo hakishiki njia na mtashinda mnazunguka. Nguo msizinunue Ulaya kwa bei ya duka. Suruali za nailoni zinazokauka haraka na viatu vya kuingia majini vinapatikana kwenye masoko ya Toi na Gikomba, Nairobi. Jeans iache: ikilowa haikauki siku hiyo, na ni nzito ukitumbukia. Aprili na Mei usidanganywe na jua. Hewa inaweza kufika nyuzi 22 huku maji yakiwa yamebaki 10 au 12, na maji ya baridi hiyo humkata mtu pumzi katika dakika ya kwanza hata kama ni mwogeleaji hodari. Jaketi livaliwe na kufungwa tangu gatini. Kulikalia kama takia hakumsaidii mtu.

Sasa vizingiti, maana hapa ndipo mto huu mpole unapoua. Ukija kutoka juu hukioni kizingiti. Unachoona ni mstari ulionyooka ambapo maji yanaishia, na unasikia ngurumo. Chini yake maji yaliyoanguka hujizungusha na kurudi ukutani, na chochote kinachoelea, gogo, pipa au mtu aliyevaa jaketi, hubingirishwa palepale bila kutoka. Kimo cha nusu mita kinatosha kufanya hivyo. Ubao wenye mistari ya kulala, nyekundu, nyeupe, nyekundu, maana yake ni marufuku kupita, bila mjadala. Ubao ulioandikwa Wehr unakuambia kizingiti kiko upande ule. Ulioandikwa Schleuse unaonyesha loki, na mshale wake ndio unaoufuata. Kwenye madaraja, almasi moja ya njano ni upenyo unaopendekezwa lakini kuna wanaokuja kutoka upande wa pili. Almasi mbili ni upenyo wa njia moja, hakuna wa kukutana naye. Kaa upande wa loki tangu unapoona ubao wa kwanza. Usivuke mto mbele ya kizingiti.

Loki za juu ya Limburg hazina mfanyakazi. Mnaziendesha wenyewe, kwa mikono, na hilo ndilo jambo ambalo nataka kila msomaji alifahamu kabla ya kugusa maji. Loki ni chumba kirefu cha mawe kando ya kizingiti, chenye milango upande wa juu na upande wa chini. Kwenye milango kuna vilango vidogo vya kupitishia maji, vinavyoinuliwa na kushushwa kwa mpini wa kuzungusha. Mkishuka mto, kazi ni kujaza chumba, kuingia, kukitoa maji, kutoka. Inaonekana rahisi, na ni rahisi, mradi utaratibu usivunjwe.

Egesheni kwenye gati la kusubiri la upande wa juu. Watu wazima wawili washuke. Wa kwanza aende moja kwa moja hadi milango ya chini, si ya juu, akahakikishe imefungwa na vilango vyake vimeshuka hadi mwisho. Sehemu kubwa ya taabu huanzia hapa: kundi lililotangulia limeacha kilango kimoja wazi sentimita chache, nyinyi mnajaza juu huku chumba kinavuja chini, na robo saa baadaye maji bado hayajalingana. Chini kukiwa sawa, fungueni vilango vya juu, robo kwanza, halafu nusu, halafu vyote.

Maji ya chumba yakilingana na ya mto, mlango unafunguka kwa kusukumwa na mtu mmoja. Usipofunguka, usiwaite wenzako waje kusukuma. Tofauti ya sentimita 10 tu, kwenye mlango wenye upana wa mita 3 uliozama mita 2, ni kama kilo 600 zinazoukandamiza. Hakuna kundi la likizo litakalozishinda, ila linaweza kupinda mpini au kuumiza mgongo wa mtu. Ngojeni. Kama baada ya dakika tano hakuna badiliko, rudini kukagua vilango vya chini.

Mlango ukifunguka, ingizeni mitumbwi na msogee mbele. Nyuma ya milango ya juu, ndani ya chumba, kuna kidato cha mawe ambacho hukioni chumba kikiwa kimejaa. Maji yakishuka, tezi iliyobaki juu ya kidato inakwama, omo inaendelea kwenda chini, na mtumbwi unamwaga watu na mapipa yao. Tafuteni alama iliyochorwa ukutani mkae mbele yake kabisa. Msipoiona, jibaneni nusu ya mbele ya chumba. Funga milango ya juu, shusha vilango vyake hadi mwisho.

Kamba ipitishwe kwenye ngazi au nguzo ya ukutani mara moja, ncha ibaki mkononi. Usifunge fundo. Maji yatashuka mita mbili hivi au zaidi na fundo halitashuka nayo. Mtumbwi utaning'inia upande mmoja. Vidole vikae ndani ya chombo, si kati ya chombo na ukuta. Ndipo aliye juu afungue vilango vya chini, kidogo kidogo, macho yakiwa kwa walio chini na si kwenye simu. Akiona kamba imekaza au omo imeinama, azungushe mpini kurudi. Maji yatasimama, watapata nafasi ya kujipanga. Kumaliza dakika tatu mapema hakuna faida yoyote. Milango ya chini ikifunguka mitumbwi inatoka, na waliobaki juu wanafunga kila kitu kama ubao wa pale unavyoagiza, kisha wanateremka hadi gati la chini.

Makundi mawili yakikutana, mpange pamoja. Loki moja inachukua mitumbwi mingi, na kila mzunguko unaookolewa ni dakika 20 kwa wote. Anayesubiri chini kupanda mto apewe zamu yake mara chumba kinapokuwa kitupu, maana maji tayari yako kwenye kimo chake.

Weilburg ni kazi hiyo hiyo mara mbili. Mto unauzunguka mji wa kale kwa kitanzi kirefu, na kati ya 1844 na 1847 utawala wa kifalme wa Nassau ulitoboa mlima ili mashua za mizigo zikate kitanzi hicho. Tundu hilo lina urefu wa mita 195 na ndilo handaki pekee la vyombo vya majini Ujerumani linalopitika mpaka leo. Biashara iliyotarajiwa haikudumu: reli ilifika bondeni miaka ya 1860 na ikachukua mizigo. Ukishuka unaingia handaki kwanza, na loki iko kwenye mdomo wa kutokea. Kabla ya kuingia, tazama hadi mwisho wa tundu uhakikishe hakuna anayekuja, kwa sababu kupishana ndani ni kubanana. Washeni tochi ya kichwani, makafi yakae karibu na ubavu, na waelezeni watoto mapema kwamba sauti itarudi kutoka kila upande.

Loki ya hapo ina vyumba viwili vilivyofuatana, seti tatu za milango, na inakushusha mita 4.65 kwa jumla. Kanuni ni moja: maji ya chumba cha juu yanamwagikia chumba cha chini, kwa hiyo milango ya mwisho na vilango vyake lazima viwe vimefungwa kabla hujafungua vya katikati. Mkisahau, maji ya chumba cha juu yatapita moja kwa moja hadi mtoni na milango ya katikati haitafunguka. Tengeni dakika 40, na mtu mmoja abaki kwenye kila seti ya milango.

Jambo moja linalowapata sana watu wa ikweta ni jua. Nairobi giza likikaribia unajua ni saa kumi na mbili unusu, mwili umezoea hivyo. Juni kwenye Lahn machweo ni kama saa tatu na nusu usiku, na watu huendelea kupiga kafi kwa muda wa saa kumi nzima kwa kuwa kungali mchana. Mabega hayajui kwamba kungali mchana. Tumieni saa ya mkononi: anzeni saa tatu asubuhi, muwe nchi kavu saa kumi na moja jioni. Kambi za kupigia hema ni sharti, maana kulala popote ukingoni hakuruhusiwi, na kwenye maeneo ya hifadhi mtatia nanga tu penye ubao wa ruhusa.

Mvua nayo isomwe mapema. Tovuti ya ELWIS, ya mamlaka ya njia za maji, huonyesha kimo cha maji kwenye vituo vya Leun na Kalkofen pamoja na matangazo ya loki zilizofungwa. Isomeni jioni kabla ya kuondoka na tena asubuhi. Mkiona kimo kinapanda haraka, mto umegeuka rangi ya chai ya maziwa na matawi yanapita, siku hiyo ni ya kutembea mjini: maji yakiwa hivyo mkondo unavuta kuelekea kizingiti, na gati la loki linakuwa gumu kulishika. Radi ikianza, tokeni majini mara moja. Namba ya dharura ni 112, na mnaposema mlipo, someni namba ya kilomita iliyo kwenye ubao wa ukingoni.

Baada ya Limburg mto unabadilika. Loki zinaendeshwa na wafanyakazi katika msimu wa kiangazi, kumi na mbili kwa jumla hadi Lahnstein: Limburg, Diez, Cramberg, Scheidt, Kalkofen, Hollerich, Nassau, Dausenau, Bad Ems, Nievern, Ahl na Lahnstein. Hamzungushi mpini wowote, lakini mnafuata saa za kazi za mwenye loki, na taa: nyekundu subiri, kijani ingia. Boti za injini zipo, zinaingia kwanza na nyinyi nyuma yao, mbali na propela. Upepo wa magharibi hupanda bonde ukiwakabili usoni alasiri. Sehemu hii ya kilomita 60 inapendeza, hasa kati ya Balduinstein na Nassau, ila ni ya waliokwisha kupata mazoezi.

Safari ya kafi iishie Lahnstein. Usitoke na kanu ya kukodi kwenda Rhine, hata kama Koblenz iko kilomita 6 tu mbele. Meli za mizigo za mita 110 na zaidi zinapita pale muda wote, hazina breki, na mawimbi yake yanagonga kuta za mawe na kurudi kutoka upande wa pili.

Rhine ipandie meli. Kampuni ya KD, iliyoanza 1826, hupita bonde lile lenye ngome kati ya Rüdesheim na Koblenz, ambalo UNESCO ililiorodhesha 2002. Chagua kushuka: kama saa 4, wakati kupanda ni kama 6, na hiyo tofauti ndiyo nguvu ya mkondo. Kati ya Mainz na Koblenz hakuna daraja hata moja, kwa hiyo ukishuka ukingo usio wako utahitaji kivuko. Kaa kulia ukitaka kuuona mwamba wa Loreley, kushoto ukitaka Bacharach na Oberwesel.

Kabla ya kukata tiketi angalia kipimo cha maji cha Kaub, mji ulio ndani ya bonde hilo. Namba yake si kina cha mto. Kwenye njia ya meli ongeza karibu sentimita 112: Oktoba 2018 kilipofika 25, rekodi ya chini, kina cha njia kilikuwa kama mita 1.37, na meli za mizigo zilipita zikiwa nusu tupu. Kikifika 640, vyombo vyote husimamishwa mpaka maji yapungue, na tiketi yako itangoja pamoja navyo.